Kuku wa Mkwe na Mashine Iliyokunywa Petroli

Kabla ya mashine nilikuwa mke wa mtu na binti wa mtu. Ilipokuja mashine nikawa simu. Tena simu ya bure, isiyozimwa, isiyochajiwa, inayopigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Ngoja nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kudhani mama yangu na mume wangu walikuwa wamegombana. Hawakugombana. Walikuwa wanaheshimiana, na heshima ile nusura initoe roho. Kwetu huku bondeni Momba, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai ubao mmoja. Mama mkwe akitokea njiani, mkwe anaingia majanini mpaka apite. Zipo nyumba zilizoacha, hasa kule Tunduma mjini ambako mnapanga vyumba ua mmoja, sasa utamkwepea mkwe wako wapi, chooni? Lakini mama yangu hakuacha. Na mume wangu, aliyelelewa na bibi yake, ndiye hakuacha kabisa.

Dawa yake ipo. Mkwe anatoa kuku jike, anampeleka kwa mkono wa mke wake. Mama akimpokea kuku yule kwa mikono yake mwenyewe, basi mambo yamefunguliwa, wanasalimiana, wanakaa karibu, wanaongea kama watu. Mume wangu alikuwa na nia ya kumtoa huyo kuku tangu tulipooana. Kila akimnunua, mgeni anakuja, kuku anakuwa mchuzi. Mmoja alichukuliwa na mwewe. Mwingine akaanza kutaga, nikasema jamani, kuku anayetaga mnamtoaje, ngojeni amalize. Hakumaliza. Akawa anataga tu, watoto wanakula mayai, na mama yangu na mume wangu wanaendelea kukwepana.

Hali ikiwa hiyo, wakaamua kununua mashine ya boti pamoja.

Wazo lilikuwa la mama. Yeye ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Anawachukua kwenye kambi za wavuvi huku Ziwa Rukwa, anawapandisha mnadani Mlowo na Tunduma. Mume wangu alikuwa na boti nzuri ya mbao, pana, aliyoichonga na kuigongelea mwenyewe, ila ilikuwa inaendeshwa kwa kasia. Mama akauza ng'ombe akasema, "Mwambie huyo mtu wako, boti yake, mashine yangu, kazi yetu wote." Nikamwambia. Mtu wangu akafurahi mpaka akacheza pale uani, lakini nyuma ya nyumba, mama asimwone.

Tulikwenda Tunduma watatu. Muuzaji alikuwa kijana wa ng'ambo, upande wa Zambia, ameiweka mashine juu ya pipa la maji karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Mashine ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, ila ina sura ya kuaminika. Mama akaizunguka, akainusa, akaipiga kofi ubavuni kama anavyopiga ng'ombe mnadani. Sasa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anajua mashine, hawezi kuja pale kwa sababu mama yuko pale. Alisimama nyuma ya lori. Haki ya Mungu, alinunua mashine kwa kuisikiliza, amejificha nyuma ya tairi, dereva wa lori anamwangalia akidhani anataka kumwibia dizeli.

"Mwambie mama aulize ilitokea wapi," anasema huko nyuma ya tairi.

Nakwenda. "Mama, ilitokea wapi?"

"Bamayo," kijana akamjibu mama kwa heshima ya kwao, "hii ilikuwa ya mzee wa kanisa kule Ziwa Tanganyika. Alikuwa anaitumia Jumapili tu, kwenda ibadani."

"Kanisa gani linaendewa kwa boti kila Jumapili?" mama akauliza. "Walijenga majini?"

Kijana akacheka. Narudi nyuma ya lori. "Anasema ya mzee wa kanisa."

"Mwambie mama aulize inakunywaje mafuta."

Nikaenda tena. Kijana akaweka mkono kifuani. "Bamayo, hii hainywi. Hii inaonja tu."

Ikawashwa pale kwenye pipa, ikalia vizuri, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya mama. Nikarudi nyuma ya lori nikamkuta mume wangu amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. "Mwambie mama tuchukue," akasema. Tukachukua.

Basi safari zikaanza. Nikueleze tulivyokuwa tunakaa, maana ndiyo hadithi yenyewe. Mume wangu nyuma kwenye mashine, kofia imeshushwa mpaka kwenye pua. Mimi katikati, na kopo la kuchota maji yanayoingia. Mama mbele kabisa, pale boti inapochongoka, ametupa mgongo, anatazama maji. Mbali na mkwe wake kadiri boti ilivyoruhusu. Kama pangekuwa na ubao mwingine mbele zaidi, juu ya maji, angekalia huo. Na mama hakai mikono mitupu. Ana magunia yake, ndoo zake, mwavuli, sufuria, mizani ya kupimia samaki, jiwe la mizani. Vyote anavizungushia miguuni. Na mwenyewe, nasema kwa upendo na shukrani kwa maziwa niliyonyonya, si mwanamke mdogo.

Mashine haikuonja, jamani. Ilikunywa. Dumu tulilotegemea litupeleke kambini na kuturudisha lilikuwa linaisha kabla hatujauona mwaloni wetu, pale ufukweni boti zinapotia nanga, tunamalizia kwa kasia, mume wangu upande huu, mimi upande ule, na mama mbele anaguna. Samaki wote faida yao inaingia kwenye petroli. Mara mbili tulifika mnadani mama akakuta wenzake wameshauza na kuondoka.

"Mwambie huyo mtu wako mashine ina nini."

"Mwambie mama sijui, tutaiangalia."

Mnakaa hatua chache tu, wote mnasikia, na bado kila neno lazima lipitie kwangu kama mzigo unavyopitia forodhani. Na mimi, kama forodha yoyote, nilikuwa napunguza kidogo. Mama akisema, "Mwambie hana akili," mimi nasema, "Mama anaomba ufikirie zaidi."

Tukampata fundi. Ni fundi wa pikipiki pale mwaloni, anatengeneza na pampu za maji, na redio ukimwachia. Alibadilisha plagi. Akaifungua kabureta akaisafisha kwa mswaki, mswaki wake mwenyewe, nilimwona. Akauangalia mpira wa mafuta kama una ufa. Akaangalia choki kama imenasa, maana choki ikinasa mashine inamwagiwa mafuta muda wote. Akapima na oili tunayochanganya kwenye petroli, akasema tunazidisha, tupunguze. Akaiangalia propela, yale mapanga ya chini yanayosukuma maji, akakuta moja limepinda kidogo, akalinyoosha kwa nyundo.

Halafu anaijaribu, mama akiwa bado nyumbani anafunga mizigo yake. Anapanda na mume wangu, wawili tu, wanazunguka mbele ya mwaloni, wanakwenda mpaka kwenye matete wanarudi. Fundi anafungua tangi, anatumbukiza kijiti, anakitazama.

"Hii mbona haili kitu? Inaonja tu!"

Tunalipa, tunashukuru, tunapakia, mama anapanda, tunaondoka. Tunarudi kwa kasia.

Hayo yalitokea kila mara. Fundi akaanza kutukimbia. Akituona tunakuja anajiingiza chini ya pikipiki ya mtu, hata kama pikipiki haina ubovu. Siku moja nikamvuta kwa mguu. "Toka huko! Mashine inakunywa!" Akanijibu, akiwa bado chini, "Dada, mashine ni nzima. Nyie ndiyo wabovu." Nilimkasirikia wiki nzima, na kumbe alikuwa sahihi kabisa, ila hata yeye hakujua.

Sasa mama yangu akapiga hesabu zake. Alikuja jikoni kwangu nikichambua mchele, akakaa kwenye kigoda, akashusha sauti.

"Mwanangu. Mashine nzima, mafuta yanakwisha. Yanakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Huyo mtu wako anawauzia bodaboda. Anapunguza kwenye dumu kabla hatujaondoka."

"Mama!"

"Hata ukiniita mara kumi, mafuta hayarudi."

Damu ilinipanda. Nikamwaga mchele wote niliouchambua, na chenga na mawe yakarudi palepale. Nikamwambia mume wangu si mwizi, hajawahi kuchukua hata kiberiti cha mtu, na yeye mama anajua. Mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri. Akasema kuna mtu wa Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, anatafuta mashine ya boti, anataka kuanza kuvusha watu. Atakuja baada ya mnada unaofuata. Mpaka siku hiyo mashine ikiwa bado inakunywa, anaiuza. "Na wewe utapanda na mimi Isansa kwa wajomba zako, na watoto. Sikukuzaa uje kupika kwa mwizi."

Hakuwa anatania. Mama yangu akitania anacheka kwanza.

Mume wangu alinikuta na macho mekundu. "Mama amesema nini?"

"Anauliza mafuta yanaishaje."

Akanitazama. "Umepunguza. Nakujua ukipunguza, unakwangua sufuria ambayo haina kitu."

Kweli nilikuwa nakwangua sufuria. Nikamwambia lote, bila kupunguza. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akageuza mifuko yake ya suruali nje, yote, ikaning'inia kama masikio, akasema, "Mwambie mama aje aangalie." Halafu akaenda kukaa kwenye boti yake mchangani. Yule mwanaume alikuwa anacheka toka asubuhi, anachekesha watoto, anachekesha mbuzi. Baada ya siku ile akaacha.

Mama akaja na mpango wa kumkamata. Alinunua mpira mrefu wa mafuta Tunduma, akamlazimisha fundi auunge, na tangi lililokuwa miguuni mwa mume wangu likahamia mbele, miguuni mwa mama. Mpira unapita katikati ya boti, unanipita mimi kama nyoka, mpaka kwenye mashine. Juu ya tangi mama alitandika khanga, akaweka miguu yake miwili. "Sasa tuone atayachukuaje."

Lo! Siku hiyo mashine ilikunywa kuliko siku zote. Tangi zito limehamia mbele, boti inachimba maji kwa pua kama nguruwe anayetafuta mihogo, huku nyuma mashine imeinuka inapiga kelele, inasukuma na haisukumi. Maji yanamrukia mama usoni na hasogei, macho yako kwenye tangi. Nusu ya safari akaona kijiti kinatoka kikavu.

Halafu akageuka, akanikata jicho, akanyoosha kidole kwenye ule mpira.

"Anayanyonya kwa huko nyuma!"

"Mama, anayanyonya kwa mdomo? Petroli?"

"Mwambie afungue mdomo nimnuse!"

"Mwambie mama," mume wangu akasema kwa sauti ndogo chini ya kofia, "hawezi kuninusa. Yeye ni mkwe wangu."

Na kweli hakuweza. Tukapiga kasia.

Basi ikaja safari ya mvua. Tulikuwa tunatoka kambini na mzigo wote wa samaki. Wingu likatoka milimani, mvua ikaja na upepo, inatupiga kutoka mbele. Mama alivumilia mpaka mwavuli ukapinduka. Samaki wakilowa ni hasara, basi akawakusanya na ndoo zake na mizani yake, akavirudisha vyote nyuma, akavifunika kwa turubai kubwa tulilokuwa nalo. Halafu na yeye mwenyewe akaingia chini ya turubai. Alijikunja pale kwenye sakafu ya boti, karibu kabisa na miguu ya mume wangu, lakini kwa kuwa amefunikwa gubigubi hamwoni na haonwi, heshima haikuvunjika.

Boti ikanyanyua pua.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu aliyetua kuni kichwani. Mashine ikaacha kupiga kelele, ikaanza kuimba kama ilivyoimba siku ile kwenye pipa. Tulikuwa tunateleza juu ya maji, mvua inatuchapa, mimi nimeshika ubao kwa mikono miwili. Chini ya turubai sauti ikatoka: "Kuna nini? Mbona tunaruka?"

Tulifika mwaloni bila kasia. Mama akakimbia na samaki wake kwenye kibanda. Mume wangu akafungua tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Petroli ilikuwa bado tele. Tukatazamana. Akatazama pale mbele, kwenye ubao wa mama, ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa mtupu, kisha akatazama nyuma kwenye turubai. Akaweka mkono mdomoni.

"Usiseme," akaninong'oneza.

"Sisemi nini?"

"Hilo unalotaka kusema."

Na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza, maana tulikuwa tumejua na hakuna wa kusema. Mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba tatizo ni anapokaa, na kwamba anapokaa panazama? Huko ni kuutaja mwili wa mkwe! Bora angekubali kuitwa mwizi. Na mimi ndiyo kabisa. Nitamwambia mama yangu kwamba yeye, na uzito wake, ndiye anayekunywa mafuta? Na hata nikimwambia asogee nyuma, asogee kwa nani? Kwa yule ambaye haruhusiwi hata kumtazama.

Tukajaribu ujanja. Mume wangu akajaza magunia mawili ya mchanga akayapanga nyuma, karibu na mashine, ili yapingane na uzito wa mbele. Mama akauliza mchanga wa nini. Nikasema wa kupandia maua. "Maua ya wapi?" Boti ikatulia vizuri sana, pua na nyuma sawasawa, yaani vyote viko chini. Maji yakawa yanaingia pande zote, nilichota kwa kopo mpaka bega likafa ganzi, na mashine ikanywa petroli kama kwenye harusi.

Yalibaki mambo ya kuku. Mume wangu akamkamata yule kuku wetu anayetaga, akamfunga miguu kwa uzi mwekundu, akanipa. "Peleka kwa mama. Akimpokea, atakaa popote bila kuambiwa. Hata nikimkaribisha ubao wa nyuma kwa mdomo wangu, nitakuwa naruhusiwa." Nilikwenda mbio. Niliona maisha yangu yote yako kwenye yule kuku.

Mama alimtazama kuku bila kumgusa.

"Amenunuliwa kwa hela ipi?"

"Ni wa nyumbani, mama. Ni huyuhuyu anayetaga."

"Ameshiba mahindi ya hela ya petroli yangu huyo. Simpokei kuku wa mwizi. Mrudishe."

Nikamrudisha. Njiani nililia mpaka kuku akanishangaa. Yule kuku alitaga palepale mikononi mwangu, yai likaanguka njiani likavunjika. Hata sikucheka. Leo nacheka, siku ile sikucheka. Nilifika nyumbani nikaanza kukunja nguo za watoto, na mume wangu akakaa mlangoni akinitazama nikizikunja, wala hakunizuia.

Mtu wa Saza akaja asubuhi na wenzake wawili, watu wa machimbo, wanene, viatu vya mpira, wana haraka. Akataka kuona mashine ikitembea kabla hajatoa neno. Mama akakataa kupanda. Alisema muuzaji akipanda mnunuzi atasema amemlazimisha bei, kwa hiyo atasimama pwani na mimi. Wakapanda wale watatu, na kwa kuwa walikuja kuangalia mashine, wakaenda kukaa wote nyuma, wameizunguka, wameinamisha vichwa kama wanaotazama mtoto mchanga. Mume wangu akavuta kamba. Hakumtazama mtu.

Tukasimama kwenye mchanga, mama na mimi. Nyuma yetu vijana wa wafugaji walikuwa wananywesha ng'ombe. Ghafla nikagundua kitu: mama yangu hakuwahi hata siku moja kuiona boti ile ikitembea. Kila ilipotembea yeye alikuwa mbele yake, anatazama maji.

Ilikwenda! Pua iko juu, inakata maji kwa wembamba, nyuma inaacha mstari mmoja mweupe. Ilikwenda mpaka kwenye matete, ikaenda mbele zaidi, ikazunguka kule mbali ikawa ndogo, ikarudi. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya macho.

"Mbona leo pua iko juu?"

"Wamekaa nyuma, mama."

"Wote watatu."

"Wote, mama."

"Na wale si wembamba."

"Si wembamba."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Mama akaendelea kutazama boti, na kiganja chake kikashuka polepole kutoka kwenye macho mpaka kwenye mdomo.

"Mimi hukaa wapi?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Yeye mwenyewe alijijibu, kwa kunyoosha kidole taratibu mpaka kwenye ule ubao wa mbele uliokuwa mtupu, unaokuja kwetu umeinuka juu ya maji yote.

Boti ikagusa mchanga. Mama akaingia majini mpaka magotini, kitenge na vyote, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti, akakitazama. Akakitumbukiza tena.

"Mama, naichukua!" mtu wa Saza akasema, anashuka na wenzake kwa furaha. "Mashine gani hii? Haili! Inaonja tu!"

"Ndiyo maana haiuzwi," mama akamjibu.

"Ala! Si ulisema..."

"Nilisema. Haiuzwi."

Akampita, akatoka majini, akapanda kuelekea nyumbani kwangu, anadondosha maji njia nzima. Nikadhani ameenda kulia, na aibu yake nisingependa kuiona, nikabaki. Mume wangu alikuwa bado ameshika mpini wa mashine, haelewi auze au asiuze, abaki au ahame. Mtu wa Saza ananiuliza mimi mama yangu ana nini. Nikamwambia asubiri, na mimi nasubiri.

Mama akarudi. Kwapani amembana kuku wetu, yule anayetaga, na uzi mwekundu bado uko mguuni. Amemkamata mwenyewe, kwa mikono yake, na kuku analalamika kwa nguvu zote. Akina mama waliokuwa wanaanika samaki, watu wa kwetu, wakaacha kuanika. Walijua wanachokiona. Wafugaji na wale wa Saza hawakujua. "Kuku wa nini tena?" mmoja wao akauliza, na hakuna aliyemjibu.

Mama akaingia kwenye boti na kuku wake. Akaupita ubao wa mbele. Akanipita mimi, maana nilikuwa nimeshapanda katikati bila kujua nimepandaje. Akafika nyuma kabisa, akakaa kwenye ubao wa mume wangu. Pua ya boti ikainuka yenyewe.

Mume wangu alikuwa amevuta kofia mpaka kidevuni.

"Mwambie mumeo..." mama akaanza, ananitazama mimi. Halafu akageuza shingo, kidogo kidogo, kama mtu anayegeuza kitu kizito, mpaka akamtazama.

"Hukuiba, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Washa twende."

Mkono wa mume wangu ulibaki kwenye kamba. Kofia ikapanda polepole, macho yake yamejaa machozi, na hakumtazama mama. Aliyemtazama ni mimi, kama alivyozoea.

"Mama amesema nini?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.